Kiti mwendo cha korido ukiwa unaishi mchangani

Viti mwendo vingi tunavyopewa huku kusini kwa msaada ni vile vya hospitali: vya kukunja, matairi membamba nyuma, vigurudumu viwili vidogo vya plastiki mbele, na kitambaa cha kukalia kinacholegea mapema. Ni vya kumsukuma mgonjwa kwenye korido yenye vigae. Mimi ni fundi cherehani wa Mikindani, na kutoka mlangoni kwangu hadi lami ya kwenda Mtwara mjini ni mchanga mtupu. Kama nawe umeangukiwa na kiti cha namna hiyo, usikae nacho kama kilivyo ukingoja kingine.

Anza na makalio. Kila mtu atakuuliza habari za matairi, lakini tairi likiharibika unalala nyumbani siku mbili, kidonda cha mgandamizo, kile cha ngozi kubanwa na uzito wa mwili, kikikupata unalala miezi. Kitambaa kikishalegea, nyonga zinazama katikati na mwili unapinda upande. Mwambie seremala akukatie kipande cha plaiwudi kinachokaa juu ya vyuma viwili vya pembeni, akipige msasa kingo zote. Kisha nenda kwa fundi makochi ununue mabaki ya sponji, maana anayo tele na hauzi ghali. Chukua tabaka mbili, ngumu iwe chini na laini juu, zifike kama sentimita 8 hadi 10 kwa pamoja. Plaiwudi bila sponji nzito ni hatari kuliko kile kitambaa kilicholegea, kwa hiyo usibane hela hapo.

Foronya ishonwe kwa kitambaa kinachopitisha hewa, na mshono upite pembeni. Nimeona mito imeshonwa mshono katikati, mnene kama kamba, pale pale mfupa unapokaa! Ukishakaa, mtu wako apitishe kiganja chini ya mfupa wa kalio. Akiona mfupa unagonga ubao, sponji imekufa, tafuta nyingine. Mto ukiinua mwili, teremsha na vile vyuma vya kukanyagia miguu, la sivyo magoti yanapanda na uzito wote unarudi kwenye kalio.

Kila nusu saa inama mbele, kifua kiende magotini, ukae hivyo dakika moja au mbili. Mimi huinama kila nikimaliza mshono mrefu, wateja wamezoea. Usiku jikague kwa kioo. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri, kwa hiyo pitisha mkono: mahali palipo pa moto au pagumu kuliko jirani yake ni dalili. Ukipaona, lala kifudifudi, usipakalie mpaka paishe, na pakichubuka nenda ukatibiwe. Chuma cha kukanyagia nacho kikiachwa juani kinaunguza, na mguu usiosikia hautakwambia. Vaa viatu.

Sasa matairi. La nyuma soma ubavuni. Viti vingi vya aina hii vimeandikwa 24 x 1 3/8, au 37-540. Fundi baiskeli atakuletea tairi la baiskeli ya mtoto la 24 na kuapa kwamba ni saizi moja. Siyo. Rimu ya baiskeli ile ni milimita 507, ya kiti ni 540, na hapo hakuna cha kulazimisha. Kama kwenu halipatikani, mwagize ndugu aliye Dar es Salaam, umpe namba nzima. Upepo usipungue, maana breki ya kiti hukandamiza tairi lenyewe: tairi likilegea, breki haishiki, na utateleza wakati unahamia kitandani. Beringi ikianza kulia, ing'oe uende nayo dukani, namba yake imechorwa ubavuni. Chumvi ya bahari inakula kila kitu, kwa hiyo futa vyuma kwa maji yasiyo na chumvi na utie grisi.

Kwenye mchanga, vigurudumu vya mbele vinazama na kiti kinataka kukupindua kifudifudi. Dawa ni kwenda kinyumenyume, matairi makubwa yatangulie. Anayekusaidia mwambie, "Mwanangu, geuza kiti, nivute." Mvua ikinyesha kidogo usiku, asubuhi mchanga umeshikana. Siku hiyo nenda sokoni.

Vijana wakitaka kukubeba kupandisha ngazi, wataikimbilia mikono ya kiti. Kwenye viti vingi mikono hiyo inachomoka. Wazuie kabla hawajainua: "Kaka zangu, shikeni fremu, mmoja nyuma, mmoja mbele chini." Sema kwa sauti, hata kama wote wanaongea. Nyumbani kwako jenga mteremko. Kwa kila sentimita 1 ya kimo weka 12 za urefu, yaani kizingiti cha sentimita 15 kinataka mteremko wa mita 1.8. Mafundi wengi hujenga mfupi kwa kuokoa simenti, na mteremko mfupi ni mtego. Simama naye na futi mkononi.

Choo kama mlango haupitishi kiti, kiti cha plastiki kilichotobolewa katikati, na tundu likasuguliwa lisikwaruze, kinatosha. Kipachike juu ya shimo, miguu yake ikae imara.

Safari ni bajaji. Patana nauli ya wewe na kiti kabla hujapanda, siyo mkifika. Kabla dereva hajakikunja, chomoa mto na ule ubao. Ubao utabaki na kiti, lakini mto ukalie wewe humo humo ndani ya bajaji, kwa sababu njia ina mashimo na siti yake ni ngumu. Kiti kifungwe nyuma kwa mpira wa mizigo, na ukihesabu vitu vyako wakati wa kushuka, hesabu na vile vya kukanyagia, ndivyo vinavyodondoka njiani.