Boya la saruji la kizimba: hesabu kilo kabla ya kushika mwiko

Boya langu la kwanza la vizimba vya sato hapa Mwanza lilielea, ila lilikaa chini mno. Fundi alizoea kupiga lipu kuta za nyumba. Nilitaka ganda la saruji lenye unene wa sentimita 3, naye akapiga 5 ili liwe imara.

Tazama zilivyonigharimu sentimita hizo mbili. Boya lenye urefu wa mita 2, upana mita 1 na kimo sentimita 50 likizama lote husukuma lita 1,000 za maji, kwa hiyo ziwa linalibeba hadi kilo 1,000. Ganda la sentimita 3, pamoja na waya na povu la ndani, huwa karibu kilo 460. La sentimita 5 hufika 720. Kilo 260 nilizotaka ziwe za watu na chakula cha samaki ziliishia kwenye saruji.

Ndani jaza povu gumu jeupe, lile linalokuja limezunguka televisheni mpya. Hilo ndilo linaloelea. Ganda kazi yake ni kulikinga na jua, panya na mawimbi. Lizungushie wavu wa kuku uliopakwa zinki, tabaka mbili, na nondo za milimita 6 kwenye kona. Pete za kufungia kamba zifunge kwenye nondo mapema, maana baadaye utalazimika kutoboa.

Mchanganyiko: saruji mfuko mmoja wa kilo 50, mchanga safi uliochekechwa kilo 100, maji lita 20. Mchanga ukiwa na unyevu, punguza maji. Boya moja linakula karibu mifuko mitatu. Wengine huchanganya punje za povu au mawe mepesi ya volkeno, kama ya Rungwe, ili kupunguza uzito. Mimi hutumia mawe hayo kwa sakafu ya juu tu, tena nayalowesha usiku kucha yasinywe maji ya saruji. Sehemu inayokaa majini nataka iwe nzito na iliyoshiba, isipitishe maji.

Mwaga sakafu ya chini kwanza, laza povu, kisha lifunge kwa waya hadi kwenye fremu ya ubao. Usipolifunga litapanda juu ya saruji mbichi na ganda la juu litakuwa jembamba. Maliza pande zote siku hiyo hiyo, kwani saruji ya leo juu ya iliyokauka jana huacha mshono unaovuja.

Funika kwa magunia na uyamwagilie siku 14. Subiri zitimie 28, ndipo ulisukume ziwani juu ya magogo. Jenga karibu na ufuko.

Likiwa halina mzigo, maji yafike sentimita 23 kutoka chini. Weka alama ya rangi. Baada ya siku tatu angalia tena: alama ikiwa imezama, litoe utafute ufa.