Panya Hazai: Namna ya Kujua Kama Shida Iko Kwenye Tezi ya Pituitari

Umezima jeni fulani, na panya wasio nayo hawazai. Hiyo bado si habari. Uzazi una ngazi tatu: haipothalamasi (sehemu ya ubongo inayotoa GnRH, homoni ya kuamsha pituitari), pituitari (tezi iliyo chini ya ubongo), kisha ovari au korodani. Kazi yako ni kujua kamba imekatikia wapi.

1. Anza na mizani. Panya akidumaa, huenda homoni ya ukuaji ina kasoro. Panya vibete wa Snell (kasoro iko jeni ya Pit1) na wa Ames (Prop1) hukosa pia prolaktini, homoni ya maziwa, na TSH, inayoamsha tezi ya shingo, hivyo ugumba wao una sababu zaidi ya moja. Akiwa na umbo la kawaida ila hazai, wa kushukiwa kwanza ni seli za pituitari zinazotoa LH na FSH, homoni zinazoamsha ovari na korodani.

2. Soma mzunguko wa jike. Kila asubuhi, saa ileile, gusisha tone la maji ya chumvi mlangoni mwa uke, livute kwa pipeti, litazame kwa hadubini. Usisukume ndani: ukigusa shingo ya kizazi anaweza kuingia mimba bandia, na mzunguko ukasimama. Magamba makavu yasiyo na kiini ni estrasi. Chembe nyeupe tele ni daiestrasi. Panya mzima huzunguka kwa siku 4 hadi 5.

3. Wapandishe, kila jinsia peke yake, na mwenza aliyekwisha kuzaa. Usiruke hatua hii. Panya waliokosa FSH, waliotangazwa 1997, majike ni tasa lakini madume huzalisha, ingawa korodani zao ni ndogo. Tafuta alfajiri kizibo cha shahawa, yaani shahawa zilizoganda ukeni baada ya kupandana. Mchana huenda kimeshadondoka.

4. Jaribu kuwaamsha. Kwangu hii ndiyo hatua inayoamua. Mdunge jike yuniti 5 za PMSG (homoni inayofanya kazi kama FSH), baada ya saa 48 yuniti 5 za hCG (inayofanya kazi kama LH), na kesho yake tafuta mayai kwenye mirija. Yakiwepo, ovari inaitika, panda ngazi ya juu, kwenye pituitari. Sasa mpe GnRH upime LH ya damu. Ikipanda, pituitari inaweza kazi, shida iko haipothalamasi, kama kwa panya wa aina ya hpg ambao jeni yao ya GnRH ina pengo. Isipopanda, usihukumu kwa dozi moja: pituitari ambayo haijawahi kuonja GnRH haina akiba ya kutoa. Panya wasio na SF-1, protini inayowasha jeni za uzazi, huonekana hawana LH wala FSH kabisa, lakini wakidungwa GnRH mfululizo, homoni hizo hutokea.

5. Hapo ndipo upake kingamwili, zinazoshika homoni na kuonyesha seli zinazoitengeneza. Inua ubongo kuanzia mbele, ukikata neva za macho. Pituitari hubaki sakafuni mwa fuvu, bapa, ya waridi, ndogo kama punje ya mtama. Usiishie kwenye LH-beta na FSH-beta, sehemu zinazotofautisha homoni hizo, paka pia alfa, sehemu ambayo zote mbili zinayo. Panya wasio na Egr1, protini nyingine inayowasha jeni, hawatengenezi LH-beta, ila FSH ipo. Ukitazama LH peke yake, utaandika kwamba seli hazipo.