Kujifunza Usanifu wa Grafiki na Upigaji Chapa Ungali Skuli ya Sekondari

Skuli nyingi za sekondari za Unguja na Pemba hazina kipindi cha usanifu wa grafiki, na mwanafunzi anayeipenda kazi hii huambiwa asubiri mpaka amalize kidato cha nne na kupata kompyuta yake, ndipo aanze. Naona ushauri huo unampotezea miaka mizuri. Kazi hii huanzia kwenye karatasi, rula na jicho, na huishia kwenye mashine ya kupigia chapa na kisu cha kukatia. Kompyuta imo katikati tu, na aliyezizoea ncha hizo mbili huiona nyepesi atakapoifikia.

Anza na kanga iliyomo nyumbani. Muombe mama au bibi akuazime moja, itandike juu ya mkeka na uipime: nyingi zina urefu wa karibu sentimita 150 na upana wa karibu sentimita 110. Pima upana wa pindo katika pande zote nne, upime mji, yaani sehemu ya kati, kisha upime kisanduku cha jina na umbali wake kutoka pindo la chini. Ichore katika daftari kwa kipimo cha moja kwa kumi, yaani sentimita 15 kwa 11. Halafu hesabu rangi. Utakuta ni chache, kwa sababu kitambaa kinapopigwa chapa kila rangi huhitaji skrini yake, yaani fremu yenye wavu mwembamba wa kupitishia wino, na kila skrini ina gharama. Msanifu hulazimika kuutafuta uzuri kwa rangi mbili tatu, na pengine kuiacha rangi ya kitambaa chenyewe ionekane kama moja ya hizo. Baada ya hapo sanifu kanga yako mwenyewe kwa rangi mbili, na jina lake uliandike kwa mkono kwa herufi kubwa, ukipanga nafasi kwa jicho, kwa kuwa herufi A na V zikiwekwa kwa kipimo sawa na nyengine huonekana zimeachana. Rudia zoezi hili mara tano na kanga tofauti kabla hujagusa kompyuta.

Kama skuli yenu ina chumba cha kompyuta, muombe mwalimu ruhusa ya kuweka Inkscape kwa nembo na michoro ya mistari, GIMP kwa picha, na Scribus kwa kurasa za vijitabu. Zote tatu ni za bure, na ukishazipakua mahali penye intaneti unaweza kuzihamisha kwa flashi. Madukani utawakuta mafundi wakitumia Photoshop na CorelDRAW, lakini jambo hilo lisikutie wasiwasi, maana mwenye kujua anachotaka kukifanya huhama programu kwa muda mfupi.

Linalowashinda wanaoanza ni kuitayarisha kazi kwa ajili ya mashine. Nilipokuwa kidato cha tatu nilisanifu kadi za mwaliko wa Maulidi ya skuli, nikauweka mstari wa kijani ukingoni kabisa mwa karatasi na tarehe karibu na ukingo wa chini. Kisu kinapokata rundo la karatasi huweza kuhama milimita moja au mbili. Kadi nyingi zikatoka na utepe mweupe upande mmoja, na katika baadhi yake tarehe ilikatwa nusu. Tulizirudia zote kwa fedha za mchango wa wanafunzi, na kosa lilikuwa langu. Kwa hiyo rangi inayofika ukingoni ivushe milimita 3 nje ya mstari wa kukatia, na maandishi yaweke angalau milimita 5 ndani yake. Picha nayo iwe na nukta 300 kwa kila inchi: yenye pikseli 1,200 kwa upana itachapwa vizuri kwa sentimita 10 tu. Anayekutumia picha kwa WhatsApp mwambie aitume kama hati, kwani ikitumwa kama picha ya kawaida hupunguzwa ubora. Rangi za kioo cha kompyuta hutokana na mwanga mwekundu, wa kijani na wa buluu, ilhali mashine hutumia wino wa samawati, majenta (wekundu wa waridi), manjano na mweusi. Ule ukijani unaowaka machoni hautatoka hivyo kwenye karatasi, basi chapisha nakala moja ya majaribio kwanza.

Kwa kijitabu, chukua karatasi mbili za A4, zipachike pamoja, zikunje katikati, kisha andika namba za kurasa 1 hadi 8. Zifungue: ukurasa wa 8 umekaa kando ya wa 1, na wa 2 kando ya wa 7. Mfano huu wa mkononi ndio utakaokuonyesha namna ya kupanga kurasa, na ndio utakaokueleza kwa nini idadi ya kurasa lazima igawanyike kwa nne.

Kazi zetu nyingi huwa na maandishi ya Kiarabu, na baadhi ya programu huzitenganisha herufi zake au kuzipanga kinyumenyume. Hata kama unasoma vizuri, mpe ustadhi aipitie nakala ya majaribio. Kisha hifadhi kazi yote katika PDF yenye fonti (aina za herufi ulizotumia) ndani yake, ili maandishi yasibadilike yakifunguliwa kwenye kompyuta nyengine.

Wakati wa likizo nenda katika duka la steshenari linalopiga chapa, utoe salamu, umuombe fundi akuruhusu ukae utazame, nawe ujitolee kuhesabu karatasi na kupiga pini vijitabu. Shika kwa vidole karatasi ya gramu 80 kwa mita mraba, halafu ile ngumu ya gramu 300, mpaka uzitambue bila kutazama. Skuli itakupa kazi za kuanzia: ratiba, gazeti la ukutani, bango la mahafali. Weka nakala ya kila moja katika faili, na nyuma yake uandike tarehe, aina ya karatasi, gharama, na kosa ulilolikuta baada ya kuchapwa.