Umeshtakiwa kwa Ajali Usiyoisababisha? Jinsi ya Kukana Kosa Mahakamani Kenya

Umegongwa, halafu kituoni unaambiwa wewe ndiwe uliyeendesha bila uangalifu, kosa la kifungu cha 49 cha Sheria ya Trafiki, Sura ya 403. Watu watakushauri ukubali, ulipe faini, yaishe. Hayaishi. Aliyekiri kosa mbele ya hakimu hawezi kukata rufaa isipokuwa kuhusu adhabu tu. Ndivyo kinavyosema kifungu cha 348 cha Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Jinai. Tena Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 47A, inaigeuza hukumu hiyo kuwa ushahidi usiopingika wa hatia yako. Yule dereva mwingine akikudai fidia, korti inaweza bado kugawa lawama, lakini huwezi tena kusema hukukosa lolote.

Anza palepale barabarani. Kabla magari hayajasogezwa, piga picha za vioo vilivyomwagika, alama za breki, mistari ya barabara na upande uliobonyea. Chukua namba za simu za walioona, hata mwendesha boda aliyekuwa amesimama kando. Kama gari lako lina kamera, usifute rekodi ya awali: kortini itahitaji cheti cha kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, yaani maandishi ya kuthibitisha rekodi ya kielektroniki.

Kituoni, hakikisha ajali imeandikwa kwenye OB, kitabu cha matukio cha polisi, na uondoke na namba yake. Taarifa yako isome neno kwa neno kabla ya kutia sahihi. Omba abstrakti, ile fomu ya polisi yenye muhtasari wa ajali, uangalie imeandikwa nani wa kulaumiwa au kwamba uchunguzi bado unaendelea. Ikiwa bado, mwandikie mkuu wa kituo barua yenye picha zako na majina ya mashahidi, na nakala upeleke ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Baki na nakala iliyogongwa muhuri. Ukiitishwa kitu kidogo ili faili igeuke, peleka malalamiko IPOA, mamlaka huru inayosimamia mwenendo wa polisi.

Ukiachiliwa kwa dhamana ya pesa taslimu, dai risiti. Siku ya kesi fika mapema, maana ukikosa kufika, hakimu anaweza kutoa hati ya kukukamata.

Shtaka likisomwa, jibu ni maneno mawili: “Si kweli.” Hapa ndipo wengi huteleza. Mtu husema “Ni kweli, lakini yeye ndiye aliyeingia mbele yangu,” akidhani amejitetea. Hakimu makini ataandika kwamba umekana, ila usimwachie hakimu kazi hiyo. Kama lugha inakupiga chenga, una haki ya mkalimani bila malipo.

Baada ya kukana, omba upewe ushahidi wa upande wa mashtaka mapema: taarifa za mashahidi, mchoro wa ajali, ripoti ya ukaguzi wa gari. Ni haki yako chini ya kifungu cha 50 cha Katiba ya 2010. Linganisha mchoro na picha zako. Mara nyingi afisa alifika ajali ikiwa imekwisha kutokea, kwa hiyo muulize: alimhoji nani, alipima nini, alijuaje gari lipi lilihama njia? Maswali mafupi, bila hasira.

Ushahidi wao usipotosha, utaachiliwa chini ya kifungu cha 210 cha Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Jinai bila hata kujitetea. Ukitiwa hatiani, una siku 14 za kukata rufaa Mahakama Kuu.

Ukiachiliwa, nenda na ile risiti udai dhamana yako.