Jinsi ya kumchezesha mwanao utoto wako: gari la waya, ubuyu na hadithi, Jumamosi moja tu

Mwanangu ana miaka nane. Juzi kati kaniuliza, baba, kama simu hazikuwepo nyie mlikuwa mnacheza na nini? Nikaanza kumwelezea gari la waya, nikafika kwenye stelingi nikaona macho yameshahama, hajaelewa kitu, na kusema kweli gari la waya halielezeki, linatengenezwa. Kwahiyo Jumamosi yake tukaingia uani tukatengeneza, mchana tukapika ubuyu, usiku nikamtolea hadithi. Nawaandikia hapa jinsi ya kufanya pamoja na pale nilipochemsha, maana nilichemsha sana tu.

Kwanza kabisa usiende kununua. Najua kuna magari ya waya yanauzwa kwa watalii, yamepakwa rangi yanang'aa, mazuri kweli, ila yale ni mapambo ya kabatini. Sisi Tanga miaka ya 90 nusu ya mchezo ilikuwa kutafuta vifaa, unatembea macho chini wiki nzima, ukiona waya barabarani moyo unaruka. Kwahiyo anza Jumatano, mpe mtoto kazi ya kuokota: visoda, ndala zilizokwisha, makopo. Wewe tafuta waya wa aina mbili, ule mnene wa fensi (wa seng'enge ila usiwe na miba jamani) na ule mwembamba mweusi wa kufungia nondo, huo ukipita tu kwenye nyumba inayojengwa ukamwomba fundi vizuri anakukatia bure na stori juu. Alafu tyubu mbovu ya baiskeli, utaikata vipande virefu vyembamba vya kufungia. Na plaizi. Bila plaizi utaumia vidole, sisi tulikuwa tunakunja kwa meno na mawe ila hilo usimfundishe mtoto.

Waya wa kuokota huwa umejikunja kama nyoka, unyooshe kwanza, uweke juu ya jiwe bapa ugonge taratibu kwa nyundo huku unauzungusha. Hapa usiwe na haraka, chesisi ikipinda gari zima litakuwa linavuta upande mmoja hadi siku ya kufa kwake. Ukishanyooka pima urefu wa rula ya shule, yaani sm 30, upana sm 14 hivi, kunja mstatili, zile ncha mbili zipishane kidogo kama sm 3 uzifunge kwa waya mwembamba, zungusha ukaze kwa plaizi. Tia vyuma viwili vya kukata katikati, kimoja karibu na mbele kingine nyuma ya mahali kichwa cha gari kitakapokaa. Hicho cha mbele ndo roho ya gari, ntarudi kwake.

Bodi mi nakushauri kwa mara ya kwanza tengeneza pikapu tu. Najua unataka Scania, wote tulitaka Scania, mtaani kwetu kuna jamaa alikuwa na basi la waya lina keria, ngazi ya nyuma mpaka saitimira za vipande vya kioo, lakini yule alikuwa na miaka kumi na nne na hakuwa anaenda shule vizuri. Pikapu ni nguzo nne za kichwa, paa la mstatili juu, na ubavu mfupi wa kubebea mzigo nyuma. Kila unapounga, funga kwa waya mwembamba alafu pitisha kipande cha tyubu juu yake, mpira unazuia isicheze.

Matairi sasa. Chukua ndala iliyokwisha, nasema tena ILIYOKWISHA, maana wengi wetu tulichapwa kwa ndala ambayo bado ilikuwa nzima mguuni kwa mama. Weka kifuniko chenye upana wa sm 6 hivi juu yake, chora duara kwa kalamu, kata kwa kisu kikali, hii ni kazi yako sio ya mtoto. Katikati toboa kwa msumari uliopashwa moto, uushike kwa plaizi, na fanyia nje maana ule moshi wa ndala unakaba. Ukipata nne zinazolingana basi, ukitaka mbwembwe gundisha mbili mbili nyuma kama lori.

Ekseli ya nyuma rahisi, waya ulionyooka wa sm 20 unapita kwenye pete mbili ndogo ulizozifunga chini ya chesisi, moja kila upande, unavalisha matairi, kila ncha unaikunja ili tairi lisitoke. Acha nafasi kidogo, ukibana tairi halizunguki. Ekseli ya mbele ndo watu wengi wanakosea, na mimi mwenyewe baada ya miaka yote hii nikakosea, nikaifunga pande zote mbili kama ya nyuma, gari likawa linaenda mbele tu kama treni. Ya mbele haifungwi pembeni. Inaning'inia katikati tu, na kinachoishika ni waya wa stelingi.

Stelingi ni waya mnene, mrefu, ufike kitovuni kwa mtoto akiwa amesimama nyuma ya gari, kwa wangu ilikuwa kama mita 1 na kidogo kwa sababu unalala kuja nyuma, haujasimama wima. Juu kunja duara la kushika kwa mikono miwili. Chini upitishe kwenye pete uliyofunga kwenye kile chuma cha mbele, kile nilichosema roho, alafu ncha yake izungushie ekseli ya mbele katikati mara tatu au nne, kaza mpaka plaizi ilie. Njiani uwekee pete nyingine juu ya paa la kichwa ili usiyumbe. Ukizungusha duara kulia, ekseli yote inageuka kulia, basi, hakuna uchawi. Mi nilikaza kimzaha, mtoto akaendesha kama dakika mbili akaja ameshika duara juu anasema baba stelingi inazunguka ila matairi hayasikii. Dawa yake ni kukaza upya alafu kufunga tyubu pale kwenye ekseli iwe mingi mpaka ivimbe.

Akianza kuendesha usimfundishe sauti ya injini. Ataitoa mwenyewe. Wangu alianza na bruuum ya katuni, mpaka jioni alikuwa anabadili gia na kupiga breki za upepo, tssss, sijui kajifunzia wapi.

Kwa watoto wadogo wa miaka minne mitano hivi, waya ni hatari, ncha zinachoma. Wao wape boksi la maziwa, vijiti viwili kupita chini, visoda vinne vilivyotobolewa katikati na ukingo wake ukagongwa bapa usikate mtu, kamba ya kuvutia mbele, dakika ishirini kazi imekwisha. Mpira wa chandimu nao nilitaka kutengeneza ila nikakumbuka malighafi yake ilipigwa marufuku! Mifuko ya plastiki Tanzania ilitoka madukani tarehe 1 Juni 2019, Kenya wao walitangulia tarehe 28 Agosti 2017, na sio kwamba napinga, mitaro ilikuwa inatia huruma, ila ule mpira wa mifuko ya rambo uliokazwa kwa kamba ya katani ulikuwa unadunda vizuri kuliko watu wanavyokumbuka. Sasa hivi jaza matambara ndani ya soksi, funga kamba ukizunguka pande zote kama wavu. Haudundi sana ila unapigika.

Haya, jikoni. Kulikuwa na vingi, gubiti, kashata, visheti, embe mbichi la chumvi na pilipili, zile barafu za ukwaju za kufyonza, lakini ukiniambia nichague kimoja kinachorudisha nje ya geti la shule saa nne asubuhi, ni ubuyu. Na ni rahisi kuliko vyote. Sokoni ulizia ubuyu mweupe, ambao haujapikwa, mbegu zikiwa bado na unga wake. Unga huo ndo utamu na uchachu wote, una vitamini C ya kutosha, nasikia raha nikikumbuka walimu walivyokuwa wanatukataza kana kwamba ni sumu. Ulaya wakaja kuruhusu unga wa ubuyu uuzwe kama chakula mwaka 2008, sasa hivi unauzwa kwenye vipakti vya bei mbaya, sisi tulikuwa tunaufungiwa kwenye karatasi ya daftari la mtu. Nyie mliopo huko nje mkikuta unga mtupu dukani huo haufai kwa kazi hii, utengenezeni juisi, hapa tunataka mbegu.

Vikombe vinne vya ubuyu. Uchambue kwanza, toa zile nyuzi nyuzi nyekundu na vipande vya ganda, hii mpe mtoto, ni kazi ya kukaa chini na kupiga stori, na ataiba mbegu mbili tatu kila baada ya dakika, mwache. Usiuoshe! Ukiosha unga wote unaondoka na maji unabaki na mbegu tupu, kuna mtu nyumbani kwangu alitaka kuosha kwa kuwa eti umetoka sokoni, nikamkuta ameshashika bomba.

Kwenye sufuria weka maji kikombe kimoja, sukari vikombe viwili, hiliki ya kutwanga kijiko kidogo, chumvi mbano mmoja, na rangi nyekundu ya chakula. Rangi kidogo kidogo, tena vaa nguo mbaya. Wanaopenda wa kuwasha watie pilipili ya unga robo ya kijiko, mimi bila pilipili siuiti ubuyu. Chemsha moto wa wastani mpaka shira iwe nzito, ukichovya mwiko ukainua inadondoka polepole na ukigusa (ikishapoa kidogo) kati ya vidole viwili inanata na kuvuta uzi. Hapo punguza moto, mwaga ubuyu wote, koroga haraka kutoka chini, kila mbegu ivae shira. Utaona kama umeharibu, umekuwa tope zito la ajabu. Endelea kukoroga kwenye moto mdogo dakika tano hivi, tope litaanza kukauka na mbegu kuachana, ndo unaipua, unautandaza kwenye sinia uachie upepo. Ukibaki unalowana maana yake shira haikuiva, urudishe motoni. Ukiwa mgumu kama kokoto ulichelewa kuipua, huo unyonye tu, usitafune. Na mtoto chini ya miaka minne usimpe mbegu, zinakaba, mpe juisi yake.

Usiku zima tv. Ukiweza zima na taa, washa kandili au tochi ya simu ielekee ukutani. Hadithi haianzi kwa "hapo zamani za kale", inaanza kwa wao kukujibu. Wewe: Paukwa! Wao: Pakawa! Wangu walikuwa hawaijui, nikawafundisha na ile "hadithi, hadithi!" "hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea", wakaipenda kuliko hadithi yenyewe, tukairudia kama mara sita. Hilo neno uongo usilifute, ndo linalokupa ruhusa ya kuongeza chumvi.

Chagua hadithi unayoikumbuka bila kusoma. Fisi kwenye njia panda anasikia harufu ya nyama njia zote mbili, Sungura na zile ndizi alizozishindwa akasema sizitaki mbichi hizi, vyovyote. Mimi nilitoa ya Abunuwasi na sufuria, anaazima kwa jirani, anarudisha na kasufuria kadogo ndani, anasema sufuria yako imezaa, jirani anafurahi anachukua. Anaazima tena, safari hii harudishi. Jirani anakuja. Hapa NYAMAZA. Kunywa maji. Waulize, sasa Abunuwasi kamjibu nini? Mdogo alisema imeibiwa, mkubwa akasema imetoboka, nikawaacha wabishane mpaka nikaona wako karibu kupigana, ndo nikasema kwa sauti ya msiba: bwana jirani, sufuria yako imefariki. Wacha wacheke kwanza. Alafu jirani, sufuria inakufaje? Na Abunuwasi, mbona ilipozaa hukuuliza?

Sauti badilisha, hata kama hujui, fisi aongee puani, sungura haraka haraka. Ukisahau katikati waulize wao kilichofuata, watakuongezea na vitu ambavyo bibi yako hakuwahi kuvisikia, kwenye hadithi yangu ya pili Sungura aliondoka na pikapu ya waya.

Ubuyu uliobaki uweke kwenye kopo lenye mfuniko unaokaza, unakaa wiki kadhaa bila kuharibika, kwa nadharia. Wa kwetu niliukuta kopo tupu Jumapili asubuhi kabla ya chai, nikawapanga mstari nikawaambia toeni ndimi, zote nyekundu, na mama yao aliyekuwa jikoni hakutaka kabisa kugeuka.