Kutoa tope la oili kwenye injini kuukuu ya lori

Dereva akiniambia saa ya oili, ile inayoonyesha presha, inasimama vizuri asubuhi halafu inalala chini akianza kupanda mlima wa Inyala, siendi kwanza kwenye sanduku la spana. Nafungua kifuniko cha kujazia oili na kuingiza kidole. Kidole kikitoka na kitu cheusi kinachonata kama lami, najua oili imegeuka tope. Tope hilo limeshuka likakaa kwenye sampu, bakuli la oili lililo chini ya injini, na kuziba strena, ule wavu ulio mdomoni mwa bomba ambalo pampu inanyonyea oili. Pampu nzima, oili ipo, ila haipandi.

Njia inayopendwa sana huku kwetu ni kumwaga lita moja ya mafuta ya taa ndani ya oili, kuwasha injini dakika kumi, kisha kumwaga vyote. Mimi niliifanya kwenye lori langu la kwanza, nilipokuwa nabeba mbao kutoka Njombe kuleta Mbeya. Mafuta ya taa yalibandua matonge yote kwa mara moja. Siku ya pili yake, napanda Inyala kutokea Igurusi, taa ya oili ikawaka, na kabla sijapata pa kuegesha injini ikaanza kugonga. Tuliposhusha sampu tulikuta wavu umefunikwa wote, na beringi za krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, zimesagika kwa kukosa oili. Krenki ikaenda kuchongwa, na gari likalala miezi mitatu. Tangu siku hiyo nasema hivi kwa kila anayenisikiliza: tope jingi hutolewa kwa mkono, injini ikiwa imezimwa na sampu ikiwa chini.

Jua kwanza ni tope gani

Tope jeusi ni oili iliyokaa muda mrefu kupita uwezo wake, ikala joto na masizi ya dizeli hadi ikaganda. Hilo ndilo somo letu la leo. Ukivuta kijiti cha kupimia na kukuta oili yote ina rangi ya chai ya maziwa, na maji ya rejeta yanapungua, acha. Hapo maji yanaingia kwenye oili kupitia gasketi ya hedi, ufa, au kipoza oili. Tibu hilo kwanza, la sivyo utasafisha leo na wiki ijayo utakuta tope jipya.

Vifaa

Beseni mbili pana, dizeli safi lita kumi hivi, brashi ya nailoni, vijiti vya mti mlaini au vipande vya plastiki vya kukwangulia, vitambaa visivyotoa nyuzi, sumaku, gasketi mpya ya sampu na ya kava ya tapeti (kifuniko cha juu ya injini), filta mbili au tatu, na oili. Vaa glovu. Oili iliyotumika ina vitu vinavyoweza kuleta kansa ya ngozi vikikaa mwilini miaka mingi, na mafundi wengi tumezoea kunawa kwa mafuta kana kwamba ni maji. Petroli usiilete karibu na kazi hii. Mvuke wake unashika moto kwa cheche ndogo tu.

Hatua ya 1. Pasha injini kidogo, ifikie uvuguvugu, kisha zima. Egesha pale palipo sawa, weka vigingi pande zote mbili za tairi, chomoa waya wa betri. Kama lazima uinue gari, liweke juu ya magogo imara. Jeki peke yake haimlindi mtu aliyelala chini.

Hatua ya 2. Mwaga oili. Nati ya sampu ikifunguka na oili ikatoka kwa kudondoka, usishangae, tundu limeziba. Chokoa taratibu kwa waya, uso ukiwa pembeni.

Hatua ya 3. Shusha sampu. Kwenye magari mengine ekseli ya mbele inazuia, na itabidi ulegeze mikono ya injini uinyanyue kidogo. Gasketi ikigoma, gonga ubavuni kwa nyundo ya mpira. Usipigilie bisibisi kwenye mdomo wa sampu, maana mdomo ukipinda utavuja hadi gari liuzwe.

Kabla hujaosha chochote, lisome tope lenyewe. Lipitishe kati ya vidole, kisha pitisha sumaku. Unga mweusi mwembamba unaonata kwenye sumaku ni ulikaji wa kawaida wa injini ya umri huo. Vipande vinavyong'aa ambavyo sumaku haivishiki, vyenye rangi ya fedha au ya shaba, mara nyingi vinatoka kwenye beringi. Ukivikuta, fungua beringi za krenki uziangalie sasa hivi, kwa sababu sampu tayari iko chini na hutalipa kazi mara mbili.

Hatua ya 4. Acha beseni chini ya injini, panda juu, fungua kava ya tapeti. Hapa ndipo watu wanakosa subira. Kwangua matonge ukiyatoa nje, usiyasukume kwenye matundu yanayorudisha oili chini. Ziba matundu hayo kwa vitambaa, na uvihesabu: vimeingia sita, vitoke sita. Matonge yakiisha, toa vitambaa na umimine dizeli kidogo kidogo ukisugua kwa brashi, ishuke yenyewe hadi kwenye beseni. Rudia hadi dizeli itoke ikiwa nyepesi. Utando wa kahawia uliobaki kwenye chuma uache. Huo ni rangi tu, hauzibi njia, na ukiukwangua unatengeneza vipande vipya.

Usipulize hewa ya kompresa kwenye njia za oili za hedi au bloku. Unasukuma uchafu mahali ambapo mkono wako haufiki.

Hatua ya 5. Toa strena, iloweke kwenye dizeli saa kadhaa, isugue kwa brashi laini na uitazame ukiielekeza kwenye jua: kila tundu lionyeshe mwanga. Wavu uliopasuka badilisha. Wakati wa kurudisha, weka gasketi au ringi mpya ya mpira kwenye kiungo chake. Kiungo kikivuta hewa, pampu itanyonya povu, na utalaumu pampu bure. Osha pia bomba la kupumulia la injini. Likiziba, mvuke unabaki ndani na tope linaanza upya.

Hatua ya 6. Osha sampu, ikaushe, irudishe. Silikoni iwe uzi mwembamba tu. Ile inayofurika kwa ndani hukatika, ikaelea na kwenda kuziba strena uliyotoka kuisafisha. Kaza bolti kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa zamu, bila nguvu za hasira.

Hatua ya 7. Acha saa moja dizeli yote ichuruzike, ndipo ufunge nati. Weka filta mpya, na kama inasimama wima ijaze oili kwanza. Jaza 15W-40 ya dizeli, daraja la CH-4 au CI-4. Rudisha waya wa betri, vuta kamba ya kuzimia, piga starta kwa vipindi vifupi bila injini kuwaka hadi saa ya oili ipande. Sasa washa, iache kwenye sailensi, bila kukanyaga mafuta, dakika kumi na tano, jicho lako liwe kwenye saa. Ikikataa kupanda, zima mara moja.

Hatua ya 8. Oili hii ya kwanza haikai. Imwage baada ya kilomita 300 hadi 500, kata filta kwa msumeno mbali na injini, kunjua karatasi yake uone imeshika nini. Ya pili iende kilomita 1,500 hivi, ya tatu 3,000. Viosheo vilivyomo kwenye oili nzuri vinalegeza masalia polepole, na filta inayakamata. Hii ndiyo dawa ninayoiamini, ingawa inakula muda na hela ya oili.

Oili chafu iweke kwenye madumu. Usiimwage mtaroni, maana mitaro yetu inaishia kwenye mito, na mito hiyo ndiyo watu wanayomwagilia bustani.

Tope lilitoka wapi?

Kuchelewa kubadilisha oili kila mtu analijua. Nataka kusema juu ya themostati, valvu inayozuia maji ya rejeta yasizunguke hadi injini ipate joto, kwa sababu kwenye nyanda hizi za juu ina uzito wa pekee. Gari likichemsha, mafundi wengi wanaing'oa na kuitupa. Mbeya mjini tuko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Juni na Julai asubuhi joto linashuka chini ya nyuzi 10. Injini isiyo na themostati inazunguka mjini siku nzima bila kufikia joto lake. Mvuke wa maji unaozaliwa na moto wa silinda unapita kwenye ringi za pistoni, unageuka maji kwenye kuta baridi, unachanganyika na oili na masizi, na hilo ndilo tope lenyewe. Injini ikipata joto kamili, maji hayo yangetoka kwa mvuke kupitia bomba la kupumulia. Themostati nyingi za malori haya huanza kufunguka kati ya nyuzi 76 na 82. Irudishe.

Na lile la kuchemsha? Angalia mfuniko wa rejeta. Kwa mwinuko wetu maji yaliyo wazi yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, hayasubiri 100. Mfuniko mzima unabana presha na kupandisha kiwango hicho. Mfuniko mbovu wa bei ndogo umeng'olesha themostati nyingi zisizo na kosa.

MASWALI YA WANACHAMA

Shikamoo fundi. Nipo Mafinga na Fuso ya mbao. Nimebadilisha oili, kilomita 200 tu imeshakuwa nyeusi. Nimeuziwa feki?

Marahaba. Weusi peke yake si ushahidi. Oili ya dizeli inashika masizi na kuyabeba ili yasigande ndani, kwa hiyo kwenye injini kuukuu inageuka mapema. Isugue kwenye vidole: ikiteleza bila chembe, endelea nayo. Ikiwa nzito kama grisi, au nyepesi na inanuka dizeli, hapo kuna jambo.

Mkuu, nipo Tukuyu. Chini ya kifuniko cha oili kuna utando mweupe kama maziwa, lakini kijiti kinatoka safi na maji hayapungui.

Huo ni unyevu wa baridi na safari fupi. Hakikisha themostati ipo, kisha peleka gari safari ndefu yenye mzigo, hata hadi Mbeya na kurudi. Utando ukipotea, usifungue kitu. Ukibaki na maji yakaanza kupungua, rudi hapa.

Kaka, dawa ya kusafishia injini inayouzwa dukani nayo mbaya?

Kwa injini iliyotunzwa, yenye utando mwembamba, ukifuata dakika zilizoandikwa kwenye chupa haina shida. Kwa injini yenye matonge naiweka kundi moja na mafuta ya taa.

Mimi ni fundi wa siku nyingi, Iringa. Injini ya zamani ukiiosha inaanza kuvuja sili za krenki. Bora kuiacha na uchafu wake.

Mzee wangu, kuvuja kunatokea, nimekuelewa na nimeyaona mwenyewe. Sili ilikuwa imekufa zamani, tope likawa linaiziba. Mimi huwa namwambia mwenye gari mapema aweke akiba ya sili ya nyuma. Sili inayovuja unaiona chini ya gari asubuhi, unaongeza oili. Strena ikiziba katikati ya mlima Kitonga huna cha kuongeza.

Fundi, mimi ni mama, nina Canter ya kubebea viazi hapa Uyole, dereva ndiye anayepeleka gereji. Nitajuaje kama kweli wameshusha sampu na si kumwaga oili tu?

Dada, sema kabla ya kazi kwamba unataka uletewe gasketi ya zamani ya sampu na filta iliyokatwa. Omba pia picha ya strena kabla na baada, ikiwa imeshikwa mkononi. Gari likirudi, inama uangalie mstari wa sampu: bolti zitakuwa na alama mpya za spana na gasketi itakuwa safi. Zikiwa zimefunikwa na vumbi na mafuta ya zamani pande zote, sampu haijashuka.