Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kujaza Ritani ya Kodi Ukiwa na Mtoto Chuoni Marekani

Wazazi wenzangu mnaosomesha watoto hapa Marekani, msianze kujaza ritani kabla ya kuzikusanya karatasi zote. Ipo fomu 1098-T, inayoonyesha ada na ufadhili wa mwanafunzi, ambayo chuo hutakiwa kuitoa ifikapo tarehe 31 Januari. Mara nyingi haiji kwa posta, bali hukaa katika akaunti ya mwanafunzi, basi mwambie mtoto aipakue. Ongeza taarifa ya malipo ya chuo yenye tarehe, pamoja na stakabadhi za vitabu vya lazima, hata kama vilinunuliwa nje ya chuo.

Kisha kaeni na kijana mkubaliane. Aliye chini ya miaka 24, anayesoma muda wote kwa walau miezi mitano ya mwaka na asiyejilipia zaidi ya nusu ya matumizi yake, kwa kawaida ni mtegemezi wako hata kama analala bwenini. Ukimwandika hivyo, nafuu ya kodi ya elimu ni yako, hata kama ada aliilipa yeye. Akijaza ritani yake bila kukiri kwamba yupo anayeweza kumwandika kuwa mtegemezi, yako inaweza kukataliwa.

Sasa niseme lile lililonigharimu. Binti yangu, kifungua mimba, alipewa ufadhili wa dola 10,000 kwa mwaka, na ada yake ilikuwa dola 9,000. Nilipoona katika 1098-T kisanduku cha 5, cha ufadhili, kimekizidi kisanduku cha 1, cha ada, niliamini hatuna letu, na aliyenijazia ritani akaniambia hivyo hivyo. Miaka ilipita, mpaka mama mmoja mwenyeji wa Tanga, anayejitolea kuwasaidia watu kujaza kodi, aliponiuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: barua ya ufadhili inasema fedha hizo ni za ada peke yake? Haikusema. Bweni na chakula vilitugharimu dola 8,000, kwa hiyo tungeweza kuhesabu dola 5,000 za ufadhili kuwa zimelipia malazi na chakula, na dola 5,000 nyingine kuwa zimelipia ada. Hapo dola 4,000 za ada zingebaki kuwa zimelipwa kwa fedha zetu, nazo ndizo zinazoleta kwa ukamilifu nafuu ya kodi ya elimu iitwayo American Opportunity: asilimia 100 ya dola 2,000 za kwanza na asilimia 25 ya dola 2,000 zinazofuata, yaani dola 2,500, ambazo hadi 1,000 kati yake hurudishwa hata usipodaiwa kodi.

Ni kweli kwamba ufadhili uliolipia malazi huwa kipato cha mwanafunzi. Lakini katika kukokotoa kiwango kisichotozwa kodi ya serikali kuu, kipato hicho huhesabiwa kama ujira. Kwa mwaka 2024 kiwango hicho kwa mtegemezi kiliweza kufikia dola 14,600. Binti yangu, hata ukijumlisha kazi yake ya likizo, asingefika huko. Ritani za miaka ya karibuni tulizirekebisha kwa fomu 1040-X, ya kusahihisha ritani. Mwaka wa kwanza ulikuwa umepitwa na muda wa miaka mitatu wa kurekebisha, na dola zake 2,500 zimepotea.

Kwa hiyo isome barua ya ufadhili neno kwa neno, kwa sababu fedha zilizofungwa kwa ada hazichezewi. Kagua pia kodi ya jimbo lako. Kumbuka kwamba nafuu hii ni ya miaka minne tu kwa kila mwanafunzi, kwamba lazima asome walau nusu ya mzigo wa masomo, na kwamba huanza kupungua kipato cha mzazi asiye na ndoa kinapovuka dola 80,000, au 160,000 kwa wanandoa wanaojaza pamoja. Usidai usichostahili, maana anayedai kwa kutojali kanuni anaweza kufungiwa nafuu hiyo kwa miaka miwili. Tunza karatasi zote, na usitie sahihi ritani ambayo hukuelezwa kila tarakimu yake ilikotoka.